Eti wauza vitumbua ndo tunashusha matokeo ya shule??

Wakuu, nimetoka kikao cha wazazi saa hizi hata mtandio sijavua, mikono inatetemeka. Yule mtu wa taaluma, wenye watoto pale mnamjua, yule wa tai inayofika magotini, kasimama anatusomea matokeo ya moko ya fomu foo, ziro zimejaa karatasi nzima kama trei ya mayai, sisi tunasubiri aseme habari ya hesabu maana mwalimu wa hesabu yupo mmoja shule nzima, yeye akasema "tatizo ni aina ya watoto tunaoletewa, watoto wa wauza vitumbua." AKANIANGALIA MIMI.

Jamani me nauza vitumbua. Pale pale getini. Na yeye kila asubuhi anachukua vitano kwa mkopo!!

Darasa la mwanangu wako tisini na kitu, tangu ada ifutwe 2016 watoto wanamiminika na madarasa ni yale yale, wametoka kayumba, shule za msingi za serikali, wamesoma Kiswahili miaka saba, huku ghafla baiolojia Kingereza, mwalimu mwenyewe anafundisha kwa Kiswahili mtihani unakuja Kingereza. Ila tatizo vitumbua. Akaniangalia kabisa, watu mia mbili wakageuka. Na mfuko wa shati ulikuwa na alama ya mafuta, wallahi.

Mzee wa Kijiwe: Mafuta mfukoni 😂😂😂 unamdai sh ngapi?

Mleta uzi: 14,500

Bajaji Mbovu: Kwa hiyo hasira ni ya mtoto au ya deni? Na dogo kapata ngapi?

Mleta uzi: Hayo hayahusiani. Divisheni foo ya pointi 33.

Bajaji Mbovu: 33!! Kaponea pointi moja ziro ingemkumbatia 😂 mama punguza sauti

Ticha Mchovu: Mimi ni mwalimu, sio huyo. Nina mikondo mitano peke yangu, madaftari nasahihisha mpaka usiku, na wazazi hamji mpaka mtoto arudishwe nyumbani. Kauli yake mbaya lakini na nyie...

Nyanya Chungu: Mbona Ilboru na Kibaha za serikali na wanafaulu?

Mzee wa Kijiwe: Wale wanaokotwa wenye maksi nchi nzima, wape hao tisini wa shule ya kata uone. Halafu NECTA, baraza la mitihani, walishaacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya 2022, na wewe acha.

Dada Gongo la Mti: Mnaongelea matokeo, mtoto anafika shule saa ngapi? Konda akiona sare anapiga bodi gari iondoke, wangu jana kaachwa na daladala nne

Bajaji Mbovu: Konda mwenyewe zao la kata huyo

Dada Gongo la Mti: Na ndo maana ana roho mbaya, kwani yeye hakuachwa?

Nyanya Chungu: Mleta uzi, vitumbua vya mchele au unachanganya ngano? Maana siku hizi mnatuuzia maandazi ya duara

Mleta uzi: Mchele mtupu na nazi.

Ticha Mchovu: Saa ngapi vinakuwa tayari?