Tupeane uzoefu: madereva wa lobedi Dodoma, mzigo ulikufundisha nini?

Dereva wa Ihumwa:

Wakuu, habari za kazi. Nina miaka 14 kwenye malori, 9 kati ya hiyo kwenye lobedi, lile tela lenye sakafu ya chini la kubebea mitambo. Nabeba mitambo: ekskaveta, greda, shindilia, buldoza. Kambi yangu ni Ihumwa, ila kulala ni popote giza litakaponikuta, maana mtambo uliozidi upana hautembei usiku. Miaka hii Dodoma kazi hazikosekani: barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112, uwanja wa ndege wa Msalato, Mji wa Serikali Mtumba. Vijana wengi wanahamia lobedi wakitokea semi za kawaida, wanadhani tofauti ni umbo la tela tu. Naomba kila mtu alete la kwake, aliloliona kwa macho yake. Naanza mimi.

Februari ya mwaka mmoja nilipakia ekskaveta ya tani 21 karibu na Matumbulu, naipeleka Kondoa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo wetu wa mbuga mnaujua, ule mweusi. Ukilowa unang'ang'ania cheni za mtambo, yaani ile mikanda ya chuma unayotembelea, kama ugali kwenye mwiko. Opereta alipanda vizuri, akalaza bumu, ule mkono mrefu wa mtambo, akakalisha bakuli la kuchotea kwenye sakafu ya tela. Tukafunga minyororo minne, kila pembe mmoja, nikakaza kwa mkono wangu. Ule udongo tuliuchokonoa juujuu kwa sepetu, kwa sababu eskoti, yule wa gari la kutusindikiza, alikuwa ameshawasha gari na mimi nikaona haya kumchelewesha. Kosa langu lilianzia hapo.

Tulipofika Mayamaya, kama kilomita 40 na kidogo kutoka mjini, nikasimama kukagua. Nikaugusa mnyororo wa nyuma kulia, ukacheza. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukashuka kama kamba ya kuanikia nguo. Mtambo ulikuwa umeteleza karibu shubiri nzima kuelekea mtaroni. Vifungio vyote vilikuwa salama, hakuna kilichofunguka. Uzito ndio uliokamua ule udongo chini ya cheni ukatokea pembeni, mtambo ukashuka kidogo, na mnyororo ukabaki hauna cha kukaza. Nikakumbuka mabasi ya Babati niliyopishana nayo asubuhi ile, abiria wamejaa, na mimi nina tani 21 zinazoelea. Nilikaa chini kwenye changarawe mpaka miguu iliporudi nguvu.

Tangu siku ile sina mjadala. Kabla ya kupakia, opereta anainua upande mmoja kwa bumu, anazungusha cheni hewani udongo uruke, unaobaki tunaukwangua. Sakafuni natandika vipande vya tairi kuukuu, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakishikani, hasa kikilowa. Kisha nachora mstari wa chaki, nusu kwenye cheni ya mtambo, nusu kwenye sakafu ya tela. Baada ya kilomita 10 hivi nashuka kuutazama. Mstari ukiwa umekatika, tunafunga upya. Eskoti asubiri, bosi apige simu, hatuondoki.

Mzee wa Sekenke:

Hamjambo vijana. Mimi nimeshastaafu, nipo nyumbani Singida na mbuzi wangu. Nilianza utingo mwaka 1983, nikashika usukani baadaye, njia yangu Dodoma, Singida, Shelui na kuendelea. Mlima Sekenke wakati huo ulikuwa vumbi tupu na kona za kukata roho. Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: mlima unaushuka kwa gia uliyopandia. Na gia unaiweka kabla ya kuanza kushuka, usije ukaitafuta katikati.

Nimemwona kijana mmoja amebeba katapila, ameanza kuushuka mlima na gia ya kasi, anaegemea breki. Tulikuwa nyuma yake. Kwanza ikaja harufu, halafu moshi wa bluu kwenye tairi za tela. Alibahatika, akaugonga ukingo wa mlima badala ya kwenda bondeni. Alitoka mzima. Ile harufu nikiisikia leo kwa gari lolote, hata gari dogo, nashtuka. Siku hizi kuna lami na magari yana breki ya injini nzuri, lakini uzito haujabadilika. Kabla ya mteremko simama, sikiliza upepo umejaa kwenye matenki, gusa ringi kama hazijapata moto. Dakika 10 tu.

Nala-Njuki:

Shikamoo mzee. Mimi langu ni la mizani. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, haiangalii jumla tu, inaangalia kila kundi la ekseli, ile mihimili inayoshika tairi. Mbele tani 8, ekseli mbili za nyuma ya kichwa cha lori tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Nilikwenda mizani ya Nala na jumla ya tani 45, nipo mwepesi kabisa, roho imetulia. Nyuma ya kichwa ikasoma 20 na ushee! Nilikuwa nimeusogeza mtambo mno kwenye shingo ya tela. Opereta alikuwa amesharudi mjini, ikabidi aletwe kwa bodaboda, tusogeze mtambo nyuma hatua moja. Siku nzima imepotea. Sasa kila aina ya mtambo nimeuwekea alama ya rangi ubavuni mwa tela: huu unaishia hapa, ule pale.

Mama Nkuhungu:

Samahanini kaka zangu, mimi si dereva, mume wangu ndiye. Nimesoma hapo juu nikasimama kwenye chaki. Kila nikifua koti lake lile la kung'aa nakuta vipande vya chaki mfukoni, vimeyeyuka na kuchafua nguo nyingine. Nilidhani anawanunulia watoto anasahau kuwapa. Hajawahi kuniambia ni za nini. Leo nimevitoa, nimeviweka kwenye kikopo karibu na mlango.

Mwaka jana alikwama siku 11 porini upande wa Manyoni, mvua imekata njia, simu haishiki. Siku ya nne niliacha kupika ugali wake, siku ya sita nikaanza tena. Watoto walikuwa wanauliza kila lori likipita. Ombi langu ni moja: mkipata mtandao, pigeni simu nyumbani kabla ya kula. Hata sekunde mbili, "nipo" inatosha.

Utingo wa Kibaigwa:

Shikamooni wote. Mimi bado natafuta leseni daraja E, nina miaka mitatu kama utingo. Kazi yangu kubwa vijijini ni kutazama juu. Nyaya za umeme zinazovuka kwenda kwenye nyumba huwa zimelegea, na bumu hata likilazwa linabaki juu. Natangulia kwa miguu, dereva ananifuata taratibu. Kuna siku huko Kongwa mtu alitaka kuinua waya kwa fito, dereva wangu akazima gari akasema hatupiti. Tukawangoja watu wa umeme kwa muda wa saa tatu. Nilikasirika siku ile kwa sababu ya njaa. Sasa nikiona fito karibu na waya, mimi ndiye napiga kelele.

Dereva wa Ihumwa:

Mzee, shikamoo, na asante sana. Dada wa Nkuhungu, nimesoma mara mbili, nimempigia mama watoto hapohapo. Kesho alfajiri napeleka greda Manyoni. Kuna aliyepita mlima wa Saranda karibuni?

Nala-Njuki:

Nimeshuka leo saa nane. Kuna semi imekufa kwenye kona ya juu, wameweka matawi lakini machache. Ukitoka Kintinku mapema jua litakuwa nyuma yako, utayaona. Utingo atangulie.