Riwaya inayotisha polepole: niendelee au niiweke kando?

Wapenzi wa riwaya, naombeni ushauri. Nimeanza kusoma riwaya ya fantasia ya vijana, nipo ukurasa wa 90 kati ya 400 na ushee. Mpaka sasa hakuna aliyekufa, hakuna vita, hata uchawi wenyewe bado haujajitokeza waziwazi. Kuna binti wa miaka 16 aliyehamia kwa bibi yake kando ya msitu, na kila sura kitu kidogo kinakwenda kombo. Ndege wananyamaza ghafla. Kiti kinakutwa kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Bibi anaandaa sahani ya tatu mezani, na hakuna anayeuliza ni ya nani.

Sahani hiyo imeninyima usingizi. Mwandishi haielezi, anaipita tu kama jambo la kila siku, na nadhani hofu imejificha hapo hapo: mimi msomaji nimeshashtuka, binti bado hajashtuka. Lugha nayo ni tamu mno.

Ila sura ya tano na ya sita zimenichosha kweli. Ukungu, miti, ukungu tena. Nimezoea hadithi zinazokuteka tangu mwanzo.

Mliozizoea riwaya za namna hii, mnazisomaje? Sura moja kila usiku, au nitenge siku nzima niimalize kwa mkupuo? Na mdogo wangu wa miaka 13, anayeogopa giza, ananiomba nimwazime nikimaliza. Nimpe? Atakayehisi ameitambua, tafadhali asinidokeze sahani ni ya nani.