Mteja mwenye usonji anajibu "sijui" kila akiulizwa anajisikiaje

Mshauri_Moro: Wakuu, nifanyeje na mteja mtu mzima mwenye usonji ambaye swali la "unajisikiaje?" hujibu "sijui"? Mazoezi ya kupumua nayo yanamzidishia wasiwasi.

MamaTausi: Hiyo "sijui" ni jibu la kweli, si ukaidi. Wengi wenye usonji wana aleksithimia: hisia ipo mwilini, jina lake halipatikani. Uliza mwili kwanza. Taya limekaza? Mikono ina joto? Mpe mchoro wa mwili apake rangi, kisha tengenezeni pamoja mizani ya wasiwasi, 0 (ametulia) hadi 5 (amelemewa kabisa), kila namba na dalili zake mwenyewe. Mbinu za kutulia zianze akiwa 2. Akifika 4 maneno hayaingii tena; punguza mwanga, kelele na maswali.

Kibarazani: Kupumua kunamfanya asikilize mapigo ya moyo, na wengine hapo ndipo hofu inapopanda. Jaribu kusukuma ukuta sekunde 10, mara 5. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba (2012), nao unataka maandishi na picha zaidi, lugha ya mafumbo kidogo, na mapumziko ya mara kwa mara.

MamaTausi: Na tafadhali, usimzuie kupunga mikono au kujitikisa. Ndivyo anavyojituliza.