Kukodi kichwa cha semi kwa mkataba wa "mwisho linakuwa lako" huku Marekani, hesabu inakubali kweli?

Kijana wa Columbus

Habari zenu wakuu. Niko Ohio, huu mwaka wa tatu nina CDL (leseni ya magari makubwa), naendesha gari la kampuni nalipwa senti 60 kwa maili na wiki ya kawaida natembea kama maili 2,750 tupu na mzigo zote humo. Sasa kuna kampuni imenipigia wanasema niache kuajiriwa nichukue kichwa chao kwa lisi (kukodi kwa mkataba), nalipa dola 950 kila wiki kwa miaka mitatu, mwisho natoa 15,000 ya kumalizia na gari linakuwa langu. Hakuna dipoziti, hawaangalii kredit skoo, yani naenda orientesheni (semina ya kuanza kazi) Jumatatu Alhamisi niko barabarani.

Gari ni la 2021, limetembea maili 480,000. Mzigo wanasema wastani dola 2.10 kwa maili yenye mzigo, wao wanakata asilimia 28. Kuna senti 10 kwa kila maili inaingia kwenye akiba ya matengenezo wanayoishika wao, bima zangu 180 kwa wiki, halafu 70 ya ELD (kifaa cha kurekodi saa za kuendesha), pleti na makaratasi ya kodi ya mafuta. Tela wananipa bure.

Mke wangu hataki hata kusikia, mimi naona nikiendelea kuajiriwa nitazeeka nasukuma gari la mtu. Waliowahi kupita njia hii naombeni mnisaidie, mazuri na mabaya yote mseme.

Mzee wa I-80

Mdogo wangu, umefanya la maana kuweka namba, wengi wanakuja hapa wanauliza "lisi ni nzuri?" bila namba hata moja. Mimi niko Des Moines, naendesha tangu 2009, kaa na kalamu hapo tupige pamoja.

Wiki yako ya maili 2,750 tuseme 2,500 zina mzigo na 250 unatembea tupu kufuata lodi, yani mzigo mwingine. 2,500 mara 2.10 ni 5,250. Toa asilimia 28 yao ambayo ni 1,470, umebaki na 3,780. Dizeli, tuseme gari linakula galoni moja kwa maili 6.8 na galoni ni dola 3.70, hapo ni kama 1,496 imekwenda. Umebaki na 2,284. Toa 950 ya gari, toa 275 ya akiba ya matengenezo, toa 180, toa 70. Imebaki 809.

Sasa hivi kwenye gari la kampuni wiki hiyohiyo unapata 1,650. Yani unaacha 1,650 kufuata 809, na hiyo 809 bado haijakatwa kodi hata senti.

Halafu angalia kitu kingine ambacho watu hawakioni mpaka kiwafike. 950 na 180 na 70 ni 1,200 hiyo unadaiwa hata gari likiwa limepaki. Mtoto akiumwa ukakaa nyumbani wiki, 1,200. Broka (dalali wa mizigo) akighairi lodi ukalala Laredo siku tatu, mita inasoma. Kwa hizo namba ulizoleta kila maili yenye mzigo inakuachia kama senti 80 ukishatoa mafuta na akiba, kwahiyo maili 1,500 za kwanza za kila wiki unazilipia gari tu. Umetoka Jumatatu asubuhi, mpaka Alhamisi bado hujajifanyia kazi wewe wala mkeo.

Na bei yenyewe. 950 mara wiki 156 ni 148,200, weka 15,000 unapata 163,200. Kwa gari la maili 480,000! Nenda kwa dila yoyote hapo Columbus uliza kichwa cha mwaka huo na maili hizo kinauzwaje cash halafu urudi utuambie.

Baba Neema, Louisville

Mzee amemaliza lakini mimi nilikuwa ndani ya hii kitu kwa hiyo niseme nilivyoishi. Mimi ni mtu wa Uvira, nilifika huku 2015, nikachukua lisi mwanzo wa 2021 na sitadanganya, mwaka ule ulikuwa mzuri sana. Mizigo ilikuwa mingi kuliko magari, bei ya dola 2.80, dola 3 ilikuwa kitu cha kawaida. Chukua hesabu ya Mzee uweke 2.80 mahali pa 2.10, maili zilezile, utaona inabaki zaidi ya 2,000 kwa wiki. Nililipa madeni, nilimtumia mama pesa ya kumalizia nyumba, nikawa nawaambia ndugu kanisani kila mmoja achukue lisi. Watatu walinisikiliza na hilo linaniuma mpaka leo.

Maana 2022 dizeli ikapanda, mwezi wa sita ilivuka dola 5.50 wastani wa nchi nzima, na bei ya mzigo ikaanza kushuka wakati huohuo. 2023 nikawa nabeba kwa 1.90. Mkataba wangu haukushuka hata dola moja, ulikuwa uleule wa 2021. Kila Ijumaa nafungua karatasi ya malipo naona 300, naona 150, wiki moja niliona alama ya kutoa mbele ya namba, yani nimefanya kazi siku sita na mimi ndio nadaiwa. Mwezi wa tisa turbo ikafa. Akiba yangu ya matengenezo ilikuwa na dola 2,100, bili ilikuwa 4,600 na kuvutwa na bredauni juu yake. Kampuni ikalipa ikanikata kidogokidogo kila wiki. Nikarudisha ufunguo nikiwa nimebakiza wiki 19 gari liwe langu. Wiki 19 kaka. Na lile gari wakampa kijana mwingine, nasikia alianza kulipa upya kutoka mwanzo.

Kwahiyo mimi nasema hivi, ukichukua lisi unabeti bei ya mzigo ya miaka mitatu ijayo, na ukikosea aliyekupa gari hapotezi, anachukua gari lake anampa mwingine.

Kijana wa Columbus

Baba Neema pole sana aisee, wiki 19 mbona zinauma hata mimi huku. Mzee nimepiga simu kwa dila wawili, mmoja anacho cha 2021 maili 455,000 anataka 58,000. Nimekaa kimya kidogo kwenye simu.

Ila kuna swali, mbona naona watu wana lisi na wanaendelea vizuri tu? Jirani yangu hapa ana magari mawili yote ya kukodi.

Mtu wa Houston

Mkuu jirani yako inawezekana ana lisi ya aina nyingine kabisa na hapa ndio watu huwa wanachanganya mambo. Mimi ni mmoja wao wenye kukodi na siwezi kuacha sa hivi.

Unayoambiwa wewe ni lisi ambayo mwenye gari na anayekupa mzigo ni mtu mmoja. Gari huwezi kulipeleka kwa kampuni nyingine, ukigombana na dispacha, yani anayekupangia mizigo, akaanza kukupa lodi za hovyo huna pa kwenda, na ukiondoka gari linabaki. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Mimi nina otoriti yangu mwenyewe, yani kibali cha serikali cha kubeba mizigo, namba ya MC kwa jina langu, mzigo natafuta kwa mabroka na nina wateja wawili wa moja kwa moja. Gari nakodi kwa zile kampuni kubwa za kukodisha kama Ryder au Penske, lisi yenye matengenezo ndani. Nalipa kwa mwezi na senti kadhaa kwa maili. Ni ghali, sikatai, ukijumlisha miaka minne ungenunua gari, na mwisho wa mkataba sibaki na kitu, gari linarudi kwao. Lakini DPF (chujio la moshi) ikiziba Jumanne saa nane usiku huko Amarillo napiga simu moja, wanakuja, na kama haliponi wananipa jingine naendelea na safari. Haya magari ya sasa injini inaweza kuwa nzima kabisa ila mfumo wa moshi ukakulaza wiki nzima, na mimi nina mteja ambaye nikichelewa mara mbili ananiacha. Hiyo kwangu ina thamani kuliko kumiliki chuma.

Ila wenye kuanza wajue, otoriti ina gharama zake. Kusajili ni 300 hiyo ndogo, bima ndio inaua. Serikali inataka angalau 750,000 ya dhima kwa mzigo wa kawaida lakini mabroka karibu wote wanataka milioni moja, na otoriti changa inalipa bima kubwa mno mwaka wa kwanza. Na sio kila kampuni itakukodisha gari, wanataka kuona biashara ina umri na hela benki. Kwahiyo kwa mtu wa miaka mitatu wa kuajiriwa bado siyo njia ya kesho asubuhi.

Dada wa Makaratasi

Naandaa kodi za madereva wa Kiswahili hapa Minnesota msimu wa saba huu, naombeni nichangie upande ambao kaka zangu huwa mnauruka.

Ukitoka kuajiriwa ukawa kontrakta wa 1099, yani umejiajiri, mchango wa Soshal Sekyuriti na Medikea unalipa pande zote mbili, asilimia 15.3 badala ya 7.65. Unalipa mwenyewe mara nne kwa mwaka, mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kwanza, hakuna wa kukukatia. Kila mwaka nakaa na baba wa familia analia mezani kwangu maana alidhani zile hela za kila Ijumaa ni zake zote. Na kichwa ambacho pamoja na tela na mzigo kinazidi pauni 75,000 kina kodi ya barabara dola 550 kwa mwaka, fomu 2290, uliza nani anailipa maana mara nyingi ni wewe. Bima ya afya, likizo ya kulipwa, hizo zote zimekufa.

Faida ipo, sitaki kuwa mtu wa kutisha tu. Malipo ya lisi, dizeli, matengenezo, simu, vyote vinatolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Chakula cha barabarani unaruhusiwa kuhesabu dola 80 kwa siku na kutoa asilimia 80 yake, dereva wa kuajiriwa haruhusiwi hiyo tangu 2018. Kwa mtu anayelala nje siku 250 ni kitu. Lakini punguzo la kodi linamsaidia mwenye faida, ukibaki na 809 hakuna punguzo litakalokuokoa kaka yangu.

Halafu haki zenu jamani zijueni. Kuna sheria ya shirikisho ya ukweli kwenye mikataba ya lisi, sehemu ya 376. Makato yote lazima yaandikwe kwenye mkataba. Ukilipwa kwa asilimia una haki ya kuona karatasi halisi ya bei ya mzigo. Ukishapeleka makaratasi wana siku 15 wakulipe. Ukiondoka, akiba yako ya matengenezo, kilichobaki, wairudishe ndani ya siku 45. Na hawaruhusiwi kukulazimisha ununue vitu kwao kama sharti la mkataba. Bunge lenyewe kupitia sheria ya miundombinu ya 2021 liliagiza kiundwe kikosi kichunguze hizi lisi, na ripoti yao ya Januari 2025 ikapendekeza hii aina ya gari la kampuni, mzigo wa kampuni, ipigwe marufuku kabisa. Wamekaa na madereva, wamesoma mikataba, wakafika hapo.

Mzee wa I-80

Ahsante sana dada. Kijana, kabla hujaenda popote waombe wakutumie mkataba mzima kwa imeli ukae nao nyumbani siku tatu. Angalia kadi ya gari itasoma jina la nani na lini. Angalia ukirudisha ufunguo katikati, unaondoka bure au wanadai wiki zote zilizobaki, maana ipo mikataba inayodai zote. Uliza nyongeza ya mafuta, ile hela mteja anayoongeza kwa ajili ya dizeli, inakuja kwako yote au wanaimega. Na waombe karatasi za malipo za madereva wao watatu, za miezi mitatu mfululizo, majina wafute. Wakikuonyesha wiki moja nzuri tu, hiyo hata mimi ninayo.

Kama roho inataka gari lako, baki hapohapo, weka 400 kila wiki pembeni. Mwaka na nusu una 30,000 na ushee. Toa nusu uende nazo kredit yunioni kama malipo ya mwanzo ya mkopo, nusu nyingine ikae kwa ajili ya turbo, uchukue kama hicho cha 58,000, halafu gari ulisajili chini ya kampuni yenye mizigo mizuri. Wakikuzingua unaondoka na gari lako. Na mjiulize na mkeo kwanza, yeye ndiye atalala na hilo deni wewe ukiwa Wyoming.

Kijana wa Columbus

Wakuu narudi na majibu. Niliwaandikia kuomba mkataba. Yule rikruta alinipigia badala ya kujibu imeli, akasema mkataba unasomwa siku ya orientesheni na kusaini ni palepale, akaongeza kwamba kuna gari moja tu limebaki na kuna mtu mwingine analitaka. Nikauliza nikirudisha gari mwezi wa nane nadaiwa nini, akasema "tutaongea ukifika." Nikamwambia basi huyo mtu mwingine alichukue.

Mama watoto nimemwonyesha uzi huu wote, amesoma mpaka ya Baba Neema akaacha, akasema tutafungua akaunti Jumamosi. Tumeanza na 350, 400 itakuwa ngumu mpaka kodi ya nyumba ipungue mwezi wa tano. Dada wa Makaratasi, naomba nikutumie ujumbe pembeni, mwaka jana kuna mtu alinijazia fomu na nina wasiwasi nazo.