Vyakula vya majimbo ya Marekani: ni kipi kinachostahili safari?

Kaskazi
Ndugu wanajukwaa, mwanzoni mwa Septemba nitamaliza shughuli za kikazi mjini Houston, kisha nitabaki Marekani kwa siku kumi ambazo nimeazimia kuzitumia kwa kula badala ya kutazama majengo. Sitafuti chakula kinachopatikana katika kila mji wa nchi hiyo. Natafuta vile ambavyo mtu akivila mbali na kwao huwa ameonja kivuli chake tu. Niko tayari kupanda ndege mara moja na kuendesha gari kwa saa kadhaa. Ila situmii nyama ya nguruwe, na nimeambiwa kwamba sharti hilo litanifungia milango mingi katika majimbo ya Kusini. Je, mngenishauri nielekee wapi, na nikifika niagize nini?

Makaa na Moshi
Ukiwa Houston, kituo chako cha kwanza hakihitaji ndege. Endesha gari hadi Lockhart, mji mdogo ulioko kilomita 50 hivi kusini mwa Austin, ambao Bunge la Texas liliutangaza mwaka 1999 kuwa makao makuu ya nyama ya kubanikwa katika jimbo hilo. Kinachokupeleka huko ni kidari cha ng'ombe, kipande kigumu kisichofaa kukaangwa, ambacho hupakwa chumvi na pilipili manga tu, kisha huachwa kwenye moshi wa kuni za mwaloni kwa saa kumi na mbili au zaidi, mpaka mishipa yote iyeyuke na nyama ikatike kwa kidole. Utaratibu huu ulianzia katika mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki, waliobanika nyama ambazo hazikupata wanunuzi ili zisiharibike, na ndiyo maana mpaka leo nyama hupimwa kwenye mizani na kukabidhiwa mteja juu ya karatasi ya bucha badala ya sahani. Omba upande wenye mafuta, kwani ule mkavu huwavunja moyo wageni, na ufike kabla ya saa sita mchana, kwa sababu nyama ikiisha hakuna nyingine mpaka kesho.

Kuhusu sharti lako: soseji ziache, maana mara nyingi huchanganywa nyama mbili. Fahamu pia kwamba mbavu za nguruwe huweza kubanikwa kwenye tanuri lile lile, kwa hiyo kama jambo hilo linakukwaza, uliza kabla ya kupanga foleni.

Mpenda Bamia
Sipingani na kidari, lakini nyama nzuri ya kubanikwa sasa inapatikana hata New York, ilhali gumbo, mchuzi mzito wa jimbo la Louisiana unaoliwa kwa bakuli, haijawahi kuhama vizuri. Kutoka Houston hadi Lafayette, mji wa jimbo hilo, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Jina lenyewe linapaswa kukuvuta, kwa kuwa wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kibantu la upande wa Angola na Kongo, *ki-ngombo*, yaani bamia, lililovuka bahari pamoja na watu waliotekwa utumwani. Msingi wa mchuzi ni unga wa ngano unaokaangwa katika mafuta, mpishi akikoroga bila kuondoka jikoni, hadi uwe na rangi ya chokoleti; ukiungua kidogo tu, humwagwa na kazi huanza upya. Wengine huuzidisha uzito kwa bamia, wengine kwa unga wa majani makavu ya mti wa msasafrasi, ujuzi uliotoka kwa Wachoctaw, kabila la wenyeji asilia wa huko. Huko Lafayette usishangae ukiletewa saladi ya viazi na kumwona jirani yako akiitumbukiza ndani ya bakuli: mwigize.

Gumbo ya kuku takriban kila mara huwa na soseji ya nguruwe, kwa hiyo agiza ile ya kamba na kaa, tena uulize supu yake imechemshwa kwa kitu gani. Kamba wa mtoni, ambao kila mtu atakusifia, wasahau safari hii. Msimu wao huisha Juni, na wanaouzwa Septemba kwa kawaida wametoka kwenye friza.

Jangwani
Nashangaa hakuna aliyetaja New Mexico, nanyi mmeuona mwezi wa safari yenyewe. Mwanzo wa Septemba ndio wakati wa mavuno ya pilipili katika bonde la Hatch, na huchomwa barabarani ndani ya mapipa ya waya yanayozungushwa juu ya moto wa gesi. Mwaka 2023 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuifanya harufu hiyo kuwa harufu yake rasmi, na ukiinusa hutacheka. Mhudumu atakuuliza kama unataka mchuzi mwekundu au wa kijani. Ukisema "Krismasi" utapewa yote miwili. Agiza enchilada za jibini, yaani chapati za mahindi zilizomwagiwa mchuzi huo, au baga ya ng'ombe yenye pilipili za kijani. Mchuzi mzito wa kijani unaoliwa kwa bakuli, pamoja na posole, supu ya mahindi, mara nyingi hupikwa kwa nguruwe.

Mla Kaa
Kama ungekuwa Pwani ya Mashariki ningekupeleka Maryland, ambako kaa wa buluu huanza kunenepa kuelekea majira ya kupukutika majani, na mezani hupewa nyundo ya mbao badala ya uma. Ila kwa mtu anayeanzia Houston, ni mbali mno. Piza nene ya Chicago nayo usiifuate; inashibisha, basi.

Kaskazi
Nawashukuru sana. Nimeamua kwenda Lockhart siku ya kwanza, kisha Lafayette kwa siku nne, halafu nipande ndege hadi Albuquerque na kuendesha gari kuelekea Hatch. Ndugu Jangwani, je, pilipili zilizokwisha kuchomwa zinaweza kusafirishwa?

Jangwani
Zikigandishwa kwenye friza zinakaa miezi mingi, lakini zilizochomwa zisipogandishwa hazitavumilia safari ndefu ya ndege. Nunua nyekundu zilizokaushwa, zile zinazofungwa kwa kamba, na kabla ya kuzifungasha usome masharti ya forodha ya nchi unayorudi.