Usukani wa Lotus Seven niliyoijenga mwenyewe haurudi katikati: kosa liko kwenye raki au kwenye wishiboni?

Saba_Coventry

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaojua chini ya gari, maana hii ni wiki ya 3 nimekwama.

Kwetu Tanga, naishi Coventry, Uingereza. Kwa miaka 2 sasa najenga gerejini kwangu nakala ya Lotus Seven, ile gari ndogo ya wazi aliyoitoa Colin Chapman mwaka 1957. Fremu nimeichomelea mwenyewe kwa bomba la mraba la milimita 25. Injini, giaboksi, difu, nako za mbele (vile vyuma vinavyobeba habu za magurudumu), habu na breki vimetoka kwenye Mazda MX-5 ya 1994 iliyoliwa na kutu ubavuni. Raki ya usukani, yaani ule mti wa meno unaosukuma magurudumu kushoto na kulia, ni ya Mazda hiyohiyo, nayo inakaa mbele ya ekseli.

Wishiboni za mbele, yaani ile mikono yenye umbo la herufi A, nimezitengeneza mwenyewe, za juu na za chini. Nimetumia bomba lisilo na mshono, unene milimita 3. Vikombe vya bol joint (kiungo cha tufe kinachoshika nako) na mirija ya bushi nimekereza kwenye mashine ndogo niliyonunua kwa mzee mmoja aliyestaafu. Nazipenda sana hizi wishiboni. Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli Tanga, na kila nikivaa miwani ya kuchomelea namkumbuka.

Jumapili nikaijaribu gari kwenye uwanja wa kazini, mwendo wa polepole. Mambo mawili. Nikikata kona nikaachia usukani, unabaki palepale, haurudi. Na nikienda moja kwa moja, gari linavuta kulia. Breki hazigandi, nimeshika habu zote kwa mkono, ni baridi. Upepo wa matairi uko sawa kote.

Gari lazima lipite IVA, yaani ukaguzi wa gari moja moja wa hapa Uingereza, ndipo lipate namba, na mkaguzi huangalia kama usukani unarudi wenyewe. Nianzie wapi? Nimeshaifungua raki mara 2 na sioni kitu.

Raki_na_Pinioni

Kaka, hongera kwanza. Mimi niko Birmingham, langu lilianguka IVA mara ya kwanza kwa kosa hilihili, kwa hiyo machungu yako nayajua.

Iache raki kwanza, pima kasta. Kasta ni ule mlalo wa nako: bol joint ya juu inatakiwa ikae nyuma kidogo ya ile ya chini, kama uma wa baiskeli ulivyolala. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani. Gari letu ni jepesi mno mbele, hivyo kasta inayolitosha gari la kawaida kwetu haitoshi. Mimi nilipita nilipofika digrii 5 na nusu.

Kupima huhitaji mashine ya gereji. Weka magurudumu ya mbele juu ya vipande viwili vya bati vyenye grisi katikati, ili yageuke bila kukwaruza sakafu. Geuza gurudumu digrii 20 nje, bandika kipimo cha pembe cha dijitali kwenye habu, andika. Geuza digrii 20 ndani, andika. Tofauti ya hizo namba mbili zidisha kwa 1.5, hiyo ndiyo kasta yako. Fanya kila upande. Gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, kwa hiyo nahisi kulia kwako kuna upungufu.

Angalia pia krosi za shafti ya usukani, vile viungo vinavyoiwezesha kukunja. Uma za krosi zote mbili zikae mstari mmoja, la sivyo usukani unakuwa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine. Inyanyue mbele, chomoa tairodi endi (ncha za vyuma vinavyounganisha raki na nako), zungusha usukani kwa kidole kimoja.

DogoWaSpana

Mkuu unajichosha. Jaza upepo psi 45 mbele siku ya mtihani, fungua too (mwelekeo wa matairi) kidogo yaangalie nje, usukani utarudi. Ukishapata namba unarudisha kama zamani. Watu wanapita hivyo.

Saba_Coventry

Dogo, asante kwa kujibu, ila sitafanya hivyo. Kiti cha kushoto atakaa binti yangu wa miaka 12. Amenishikia tochi tangu bomba la kwanza. Nataka gari lirudishe usukani siku zote, hata siku ambayo mkaguzi hayupo.

Kaka wa Birmingham, nimepima usiku huu. Kushoto tofauti ni 3.1, kwa hiyo kasta 4.6 na kitu. Kulia tofauti ni 2.1, kasta 3.1 na kitu. Nimerudia mara 3, namba hazibadiliki. Krosi ziko sawa, shafti inazunguka kwa kidole.

Digrii 1 na nusu kati ya kushoto na kulia! Fremu nimepima kona kwa kona, tofauti haifiki milimita 1. Imetoka wapi?

MkerezaGerezani

Kijana wangu, mimi nakereza vyuma hapa Gerezani, Dar, toka 1987. Nakuuliza swali moja: hizo wishiboni ulizichomelea juu ya nini?

Kabla hujajibu, fanya hivi. Fungua wishiboni za juu zote mbili. Ilaze moja juu ya nyingine, pitisha bolti ndefu kwenye mirija ya bushi zote, kisha tazama vikombe vya bol joint vimekaaje. Chukua mfano wa nako yenye milimita 240 kati ya bol joint ya juu na ya chini: kila milimita 4 ambazo ya juu inasogea, kasta inabadilika digrii 1. Milimita 6 tu zinatosha kukupa hiyo digrii na nusu.

Saba_Coventry

Shikamoo mzee. Nilizichomelea juu ya ubao wa plaiwudi wa milimita 18. Vipande nilivibana kwa vitalu vya mbao na skrubu.

Nimezilaza kama ulivyosema. Vikombe vimepishana milimita 6. Nimekaa chini sakafuni nikavitazama muda mrefu. Ya kushoto nilitangulia kuichomelea, ya kulia ikafuata juu ya ubao uleule, na sasa nikiukagua naona vitalu vya upande mmoja vimeungua na kulegea.

Je, nijaze washa kwenye bolti ya bushi, niisukume ya kulia nyuma milimita 6?

MkerezaGerezani

Marahaba. Washa zitakupa namba nzuri kwenye kipimo. Lakini wishiboni iliyojivuta milimita 6 kwenda mbele, unajuaje kwamba haikujipinda pia? Weka shafti moja iliyonyooka ipite mirija yote miwili. Ikigoma, bushi zako zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa, na huo mkunjo nao unauzuia usukani kurudi. Kata, tengeneza upya. Bomba la mita 2 ni bei ndogo.

Safari hii tumia sahani ya chuma ya milimita 12, uitoboe na kufunga kila kipande kwa bolti. Mirija ya bushi ipitishe shafti moja tangu mwanzo, usiitoe mpaka mwisho. Piga spoti maungio yote kwanza, kisha chomea kipande kifupi huku, hamia kule, rudi. Usimalize mshono mmoja kwa mkupuo, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta kuelekea kwenye mshono. Iache ipoe yenyewe ikiwa bado imefungwa, maji usimwage. Baada ya hapo ndipo ukereze ndani ya mirija, maana moto hulibana tundu na bushi haitaingia vizuri. Wewe unayo mashine, acha milimita nusu ya kukereza.

Na mkono wa nako unaoshika tairodi endi usiuguse kwa moto hata siku moja. Ile ni chuma ya kufuliwa. Tundu lake la tepa (linaloendelea kuwa jembamba) likigoma kulingana na pini, tafuta rima, kile chombo cha kupanulia tundu, ya tepa hiyohiyo, pakaa rangi ya bluu, uone pini inagusa pote.

Raki_na_Pinioni

Mzee amemaliza. Mimi naongeza moja tu kwa kuwa springi zitakuwa nje: panda na shusha gurudumu milimita 50 kila upande, uone kama linajigeuza. Likigeuka ndani likipanda na nje likishuka, kimo cha raki hakiko sawa, utarekebisha kwa shimu (vibati vyembamba vya kuinulia). Likigeuka ndani kote kuwili, na raki yako iko mbele ya ekseli, basi raki ni pana kuliko fremu na tairodi ni fupi mno.

Saba_Coventry

Nimerudi, wiki 5 zimepita.

Ile shafti ilikwama kweli, mzee, ilipita mrija wa kwanza, wa pili haukuipokea. Nimekata wishiboni za juu zote mbili, hata ile ya kushoto. Sahani ya chuma nimeipata kwa muuza vyuma chakavu, nimeitoboa Jumamosi nzima. Vikombe nimevisogeza nyuma nikilenga digrii 6. Nikizilaza moja juu ya nyingine sasa, kucha haishiki popote.

Vipimo: kushoto 5.9, kulia 5.7. Jana nimerudi uwanjani. Nikakata kona ya kulia, nikafungua vidole, usukani ukarudi kiganjani mwangu wenyewe. Binti akasema, "Baba, rudia." Tumerudia mpaka mafuta yakabaki robo.

Kaka, gurudumu linaangalia ndani likipanda, na linaangalia ndani likishuka. Raki ni pana. Sitauchomelea mti wake, naujua ni chuma kilichokolezwa moto. Nimeshaitoa, iko mezani, Jumatatu naipeleka kwa mkereza anayefupisha upande usio na meno na kukata nyuzi upya.