RAM imeandikwa 6000, mashine inasoma 3600, na muuzaji anasema eti kosa ni joto la Tanga

Wakuu, salamu nitatoa nikishatulia.

Mie ni mtu wa video. Harusi, maulidi, mahafali, chochote chenye watu na taa napiga na kuhariri hapa hapa Ngamiani. Kazi zilipozidi nguvu za kompyuta yangu ya zamani nikaagiza mpya kutoka duka moja la Dar, wale wanaokuunganishia mashine kwa oda halafu wanakutupia kwenye basi. Jina nalihifadhi kwa sasa. Oda imeandikwa vizuri tu: prosesa Ryzen 7 7700, RAM ya DDR5 GB 64, spidi 6000. Hiyo 6000 nimeilipia. RAM za 4800 walikuwa nazo, kwa bei ya chini, nikazikataa mwenyewe.

Mzigo umefika, nawasha, nafungua Task Manager, upande wa RAM nakuta 3600. Elfu tatu na mia sita! Hata DDR4 za enzi zile zilikuwa zinauzwa na spidi hiyo. Nafungua kasha: vipande vinne vya GB 16 vimejaza sloti zote, na kila kimoja kina stika inayong'aa ya 6000.

Simu ya kwanza: "Bosi, ingia BIOS washa EXPO, hiyo ni kitu kidogo." BIOS ni ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, na EXPO ni swichi ya humo inayoiambia RAM ikimbie kwa spidi ya kwenye stika. Haya, nimewasha. Skrini ikawa nyeusi muda mrefu, hapo sikulalamika, DDR5 ikibadilishiwa mipangilio mashine hujipima upya na inaweza kukaa dakika kadhaa bila kutoa picha. Ikawaka, ikasoma 6000. Nikaweka harusi ya Makorora irenda (yaani itoe video iliyokamilika), nikaenda kula. Kurudi, imeganda. Naanza upya, skrini ya bluu, MEMORY_MANAGEMENT. Mara nyingine inamaliza kabisa, ila ukitazama video unakuta vipande vya kijani usoni kwa bibi harusi. Bora ile inayoganda, maana inakwambia kuna tatizo. RAM inayokosea kimya kimya inaharibu faili wakati unalinakili, na wewe hapo unafuta kadi ya kamera ukijua kazi iko salama kwenye diski. Ngoma ya usiku ya harusi ile haipo tena. Nendeni mkamweleze mama yake bibi harusi habari za megahezi.

Na majibu ya dukani sasa! Kwanza Windows yangu ina virusi. Nikaipiga upya, hali ile ile. Kisha umeme wa Tanga. Nina stabilaiza na UPS. Kisha joto la Tanga, kana kwamba Dar kuna theluji. Fundi wao mkubwa akaja na kali kuliko zote: "DDR5 ina ECC ndani yake, haiwezi kukosea." Fundi, ile ECC ya ndani, yaani mfumo wa kurekebisha makosa ya data, inasahihisha makosa yaliyotokea ndani ya chipu yenyewe. Data ikiharibika njiani kati ya RAM na prosesa, haihusiki nayo. Mtu anauza kitu hiki kila siku halafu hajui hilo.

Nikaamua kupima mwenyewe. Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, vipande vyote vinne, EXPO imewashwa: mistari myekundu ya makosa skrini nzima. Nikachomoa viwili, nikaacha vilivyokuja pakiti moja, nikavichomeka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya mashine) kinavyoelekeza. Usiku kucha, 6000, kosa hakuna. Nikaweka ile pakiti nyingine peke yake. Safi. Nikarudisha vyote vinne kwa 6000. Wekundu.

Maana yake RAM si mbovu, na mazabodi si mbovu. Kibovu ni huo mpango wa vipande vinne, na aliyeupanga ni muuzaji. AMD wenyewe wameandika kwenye maelezo ya prosesa za Ryzen 7000: vipande viwili, spidi rasmi ni 5200, vipande vinne, 3600. Ndiyo ile ile 3600 niliyoikuta mimi! Haikutokea kwa bahati mbaya, mashine ilikuwa inafuata kitabu. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na kila njia ikibebeshwa vipande viwili mawimbi ya umeme yanavurugana, hivyo spidi inabidi ishuke. Juu ya hapo wakachanganya pakiti mbili. Kiwanda kinapima vipande vya pakiti moja pamoja. Pakiti ya pili, hata ikiwa na jina lile lile, inaweza kuwa na chipu za kampuni nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kuahidi kwamba hizo nne zitaelewana.

Na hiyo 6000 ya kwenye stika, wengi hamjaambiwa ni kitu gani. Ni profaili, jedwali dogo lililohifadhiwa kwenye kipande cha RAM: spidi, taimingi (muda wa kusubiri data), volti. DDR5 ya kawaida inatumia volti 1.1, profaili za 6000 nyingi zinataka 1.35. Kwa AMD hiyo tayari ni ovakloki, yaani kukimbiza kupita spidi rasmi, na madhara yake hayaingii kwenye waranti ya prosesa. Kwa hiyo mwenye RAM anaahidi, mwenye prosesa anaikana ile ahadi, na muuzaji anachukua hela katikati halafu anakwambia joto.

Nikamwambia suluhisho, tena la bei nafuu kwake: chukua hivi vinne, nipe viwili vya GB 32 vya pakiti moja. GB 64 zile zile, sloti mbili, kila mtu alale. Akanijibu, "Kaka, si umesema mwenyewe kila kipande kinafanya kazi? Hatubadilishi kizima." Nimesimama na simu mkononi nimekosa la kusema, na mie si mtu wa kukosa la kusema.

Tena fundi akaniongezea ushauri wa bure: nipandishe volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) mpaka 1.4 "itatulia". Wakuu, mkipewa ushauri huo kataeni. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 ziliungua kwenye soketi, na AMD wakatoa BIOS mpya zinazofunga volti hiyo isipite 1.3. BIOS yangu ni mpya na inakataa, namshukuru Mungu, vinginevyo leo ningekuwa nadai na prosesa.

Wajuvi mnaokuja kuniambia nishushe spidi kidogo kidogo mpaka itulie: najua kushusha. Nimeshusha, inafanya kazi, na harusi za watu zinatoka. Ila sikununua RAM ya 6000 ili niishushe. Anayeuza mashine iliyounganishwa tayari anatakiwa ndiye aiwashie profaili, ndiye aipige Memtest usiku mzima, na picha ya matokeo aitie ndani ya boksi pamoja na risiti. Kama haiwezi, aandike 3600 kwenye oda na bei ya 3600.

Picha za Memtest ziko hapo chini, na za oda pia, jina la duka nimelifuta. Mwenye uzoefu wa kudai kupitia Tume ya Ushindani aje na utaratibu, nielekezwe pa kuanzia. Na wewe muuzaji, najua humu unashinda. Pokea simu.